Kuku Akichechemea: Maswali ya Wafugaji wa Kienyeji

Majibu haya ni ya mwenye kuku wachache nyuma ya jikoni, iwe Kisumu, Vihiga au Bungoma. Kwetu kuku akianza kuchechemea huwa hukumu imeshatolewa: mgeni wa kwanza atakayebisha hodi ndiye atakayemla. Wengi wao wangeweza kupona, na wengine ni heri wasiliwe kabisa.

Mtetea wangu amelemaa mguu ghafla. Nianzie wapi?

Mtenge kwanza. Boksi lenye maranda makavu, kivulini, mahali wenzake hawawezi kumdonoa, linatosha. Weka maji na chakula karibu na mdomo, maana asiyeweza kutembea hufa kwa kiu kabla ya ugonjwa kumuua.

Kisha mshike umkague. Papasa mfupa wa kidari: ukiwa umechomoza mkali kama kisu, amekonda kwa muda mrefu na shida hii haikuanza leo. Gusa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, asubuhi kabla hajala. Likiwa bado limejaa, chakula hakishuki. Geuza nyayo, inua mabawa, tazama kinyesi.

Ukipata jeraha, unaweza kuanza kumtibu nyumbani. Asipokuwa na jeraha na bado hasimami, hapo kuna jambo. Kuku wa miezi 2 hadi 6 anayelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma huenda ana ugonjwa wa Marek. Huo ni wa virusi, hauna dawa, na chanjo yake hutolewa kifaranga akiwa na siku moja. Lakini shingo ikipinda, akahema na kuharisha kijani huku wenzake wakisinzia, chukulia ni kideri (Newcastle) mpaka daktari wa mifugo aseme vingine. Wakifa wengi kwa mpigo, ripoti ofisi ya mifugo ya kaunti.

Pilipili na mshubiri kwenye maji huponya kideri?

Hapana. Hakuna dawa ya kideri, hata ile ya bei ghali ya agroveti. Anayepona huokolewa na kinga yake mwenyewe. Kinachosaidia ni chanjo, tone moja kwenye jicho, ikirudiwa kila baada ya miezi 3 hivi, na hupewa kuku ambao hawajaugua. KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, huitengeneza hapa Kenya. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa boma moja na haiwekwi ikishafunguliwa, kwa hiyo changeni na majirani mchanje siku moja.

Na kuku uliyemnunua soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili asilale na wako Jumapili hiyo hiyo. Mweke kando wiki 2. Aliyekufa mzike kwenye shimo refu au mchome. Najua inauma kutupa nyama, ila matumbo na manyoya yakitupwa ovyo mbwa huyasambaza, na ugonjwa ukafika kwa jirani.

Amepona ila shingo imebaki imepinda. Nimchinje?

Si lazima. Aendelee kutengwa wiki kadhaa, kwa sababu anaweza bado kutoa virusi. Shida yake kubwa ni shabaha: analenga punje, anadonoa udongo. Mpe chakula kilicholoweshwa kwenye bakuli lenye kina, si punje zilizotawanywa chini.

Kuna uvimbe chini ya wayo, na kigaga cheusi katikati.

Ni bakteria walioingia kupitia kidonda kidogo, mara nyingi kuku akiruka kutoka juu hadi sakafu ngumu. Vaa glavu. Loweka mguu dakika 15 kwenye maji vuguvugu yenye chumvi, kausha, paka iodini, funga kitambaa safi, rudia kila siku. Usikamue. Uvimbe ukipanda mguuni, mwite daktari.

Magamba ya miguu yakiwa yameinuka na kukwaruza, huo ni utitiri. Osha kwa sabuni, kisha paka mafuta mazito ya kujipaka, urudie kwa wiki kadhaa. Tafadhali acheni oili chafu ya gari na mafuta taa! Huchoma ngozi.

Kifaranga ana miguu iliyotanuka. Mwingine vidole vimejikunja ndani.

Wa kwanza aliteleza, pengine ulitandika gazeti. Funga miguu yote miwili kwa plasta laini, ukiacha nafasi ya upana wa mwili wake, na umtandikie kitu chenye kukwaruza. Ukiwahi siku za mwanzo, hunyooka kwa siku chache. Wa pili amekosa vitamini B2, jambo la kawaida kwa vifaranga wanaolishwa unga wa mahindi peke yake. Mpe vitamini za kuku kwenye maji, na omena iliyosagwa kwenye chakula. Ukichelewa, vidole havirudi.

Nitajuaje kwamba imetosha?

Akikataa maji, mfupa ukitokeza nje ya ngozi, au akishinda juu ya kinyesi chake siku kadhaa bila nafuu, mchinje haraka umpumzishe. Kama alikuwa mgonjwa, azikwe. Kama ni mguu tu uliovunjika lakini alipewa dawa, soma kwanza kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai yake.