Diski Isiyoonekana Si Diski Iliyokufa

Malindi husikika sana: ukiweka Windows upya kwenye laptopu na orodha ya diski ikatokea tupu, basi diski imekufa, nunua nyingine. Mara nyingi si kweli, na inauma kuona mtu akinunua diski mpya wakati yake bado ni nzima.

Zima mashine, iwashe huku ukibonyeza F2, nyingine F10 au Del, uingie BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka. Jina la diski likiwemo humo, basi mashine inaiona. Mara nyingi kinachokosekana ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 hupitisha SSD ya NVMe, diski ya kisasa yenye kasi, kwenye kidhibiti kiitwacho VMD, na flashi ya kuwekea Windows mara nyingi haina draiva yake.

Njia salama: pakua draiva hiyo, iitwayo Intel RST, ya modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ifungue iwe folda yenye faili za .inf, maana ikibaki zip haitasomwa. Inakili kwenye flashi ileile, kisha kwenye ukurasa ule wa orodha ya diski bonyeza "Load driver" uchague folda hiyo. Diski itajitokeza.

Wengine huzima VMD moja kwa moja ndani ya BIOS. Hufaa, ila Windows iliyokuwa tayari kwenye diski inaweza kugoma kuwaka, ikaleta kioo cha buluu chenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ukikutana nacho usifute kitu. Iwashe VMD tena, unakili hati zako kwanza.

Diski isipoonekana hata ndani ya BIOS, hapo ndipo ufungue mashine, uichomoe diski, uirudishe barabara na kukaza skrubu yake.