Miguu Inawaka Moto, Kipimo Kinasoma 6.2: Dhana Potofu na Ukweli

Mama mdogo alivukwa na kandambili nje ya duka la mangi, wala hakujua. Alitembea hatua kama kumi mguu mtupu juu ya kokoto, mpaka mtoto wa jirani alipomkimbilia na kandambili mkononi: "Bibi, umeacha kiatu!" Kesho yake asubuhi, kabla hajanywa chai, tukampima sukari. 6.2 (milimoli kwa lita). Nyumba nzima ikashusha pumzi: hana kisukari. Hapo ndipo tulipokosea, na najua si sisi peke yetu.

Dhana: Sukari haijafika kiwango cha ugonjwa, kwa hiyo miguu haiwezi kuwa imeguswa.

Ule mstari wa 7.0 asubuhi kabla ya kula, ambao ukiuvuka unaitwa mgonjwa wa kisukari, uliwekwa kwa kuangalia zaidi macho: ni karibu na hapo ambapo uharibifu wa ndani ya jicho huanza kuonekana kwa wingi. Miguu haikuulizwa. Kabla ya mstari huo kuna eneo la kati, 5.6 hadi 6.9 (Shirika la Afya Duniani linaanzia 6.1), ambalo ndilo hali ya kuelekea kisukari. Wengi hukaa hapo miaka bila kujua, na mishipa ya fahamu, yaani neva, haikai ikisubiri.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wakiongozwa na Brian Callaghan, walichapisha matokeo ya kupima neva za watu wanene na kuzilinganisha na za watu wembamba. Kwa wembamba, waliokutwa na neva zilizoharibika hawakufika 4 katika kila 100. Kwa wanene ambao sukari yao ilikuwa safi kabisa, walikuwa 11. Wanene walio katika eneo la kati: 29. Wanene wenye kisukari chenyewe: karibu 35. Soma tena hizo namba mbili za mwisho. Pengo kati ya "unaelekea" na "umefika" ni dogo kuliko tunavyofarijiana. Na yule mwenye sukari safi lakini ana kitambi, ambaye mtaani tunamwambia maisha yamemkubali, naye yumo kwenye hesabu.

Kwa nini miguu? Uzi wa neva unaokwenda kidole gumba unatoka mgongoni, na kwa mtu mzima una urefu wa karibu mita moja. Kiini chake kinachoulisha kiko huku juu, kando ya uti wa mgongo. Ni kama shamba la mwisho kwenye mfereji: maji yakipungua, lenyewe ndilo hukauka kwanza. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, kisha hupanda polepole kama soksi inavyovutwa. Wengine hawapati ganzi bali moto, hasa usiku, mpaka shuka likigusa mguu ni adhabu. Na kwa kuwa nyuzi zinazotangulia kuumia ni zile nyembamba za kwenye ngozi, kipimo cha umeme cha neva kinaweza kutoka safi kabisa huku mtu anaungua. Akirudi nyumbani anaambiwa anadeka.

(Mguu mmoja tu ukifa ganzi ghafla, au ukilegea, hilo ni jambo jingine. Hospitali siku hiyohiyo.)

Dhana: Adui ni sukari. Nikiacha sukari kwenye chai, nimemaliza.

Hii ndiyo dhana iliyokaa nyumbani kwetu muda mrefu kuliko zote. Mama mdogo alikunywa chai ya rangi isiyo na sukari hata chembe, kwa fahari, na pembeni maandazi manne yanayong'aa mafuta.

Maandazi ni unga mweupe, na unga mweupe ni sukari iliyochelewa kidogo tu. Lakini tuache unga, tuangalie kile kinachong'aa. Huko huko Michigan, maabara ya Eva Feldman ina miaka mingi ikiwalisha panya chakula chenye mafuta mengi yanayoganda. Panya wananenepa, sukari inapanda kidogo, na neva zao zinaanza kulegea. Amy Rumora na wenzake wakafanya jambo ninalolipenda kwa urahisi wake: panya walipokwisha kuumwa, hawakuwapunguzia mafuta, waliwabadilishia aina. Badala ya mafuta ya nguruwe, wakawapa mafuta ya alizeti ya mbegu maalumu yenye asidi ya oleiki, aina ya mafuta yasiyoganda, kwa wingi. Neva zikaanza kurudi. Matokeo yalitoka mwaka 2019.

Kwenye seli za neva zilizooteshwa maabara waliona sababu mojawapo. Ndani ya ule uzi mrefu kuna vijinu vinavyotengeneza nguvu, mitokondria, vinavyosafiri kupeleka nishati hadi mwisho. Asidi ya palmitiki, iliyojaa kwenye mafuta ya nyama na ya mawese, huvifanya vikwame njiani. Asidi ya oleiki ikiwepo, vinaendelea na safari.

Panya si mtu, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba kubadilisha chupa ya mafuta kutakuponya. Ila tazama mafuta yanayopimwa dukani kwa kikombe: mengi ni ya mawese, na karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda. "Ni ya mimea" haimaanishi ni mepesi. Tahadhari nyingine: alizeti ya kawaida, ile inayouzwa barabarani Singida, siyo ile waliyopewa panya, yake ni zaidi asidi ya linoleiki. Si mbaya, ni tofauti tu. Ukitaka oleiki kwa wingi usihangaike na mafuta ya zeituni ya bei ya kutisha. Parachichi linayo. Karanga zinayo. Korosho pia. Vyote hivyo vina nguvu nyingi, kwa hiyo viingie mahali pa maandazi, visije juu yake.

Kuhusu kushusha sukari peke yake: mapitio makubwa ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa ukali kunalinda neva vizuri kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kwa aina ya pili, inayotembea pamoja na unene, faida ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kuthibitishwa. Sukari inahusika, sikatai. Haiko peke yake.

Dhana: Nikila dona, naweza kula ninavyotaka.

Dona ni bora kuliko sembe. Mlima wa dona bado ni mlima. Anza na mboga na maharage, ugali uje nyuma yao.

Dhana: Ganzi ni upungufu wa vitamini, nichome sindano tu.

Mara nyingine ni kweli, ndiyo maana dhana hii haifi. Ukosefu wa vitamini B12 huharibu neva, na metformin, dawa ya kushusha sukari ambayo baadhi ya wanaoelekea kisukari huandikiwa, hupunguza B12 ikitumiwa muda mrefu. Omba upimwe. Kama iko chini, sindano zitasaidia. Kama iko sawa, unachoma pesa. Tena dozi kubwa za B6 kwa muda mrefu zenyewe huua neva, na B6 imo kwenye mchanganyiko mwingi wa vidonge unavyouziwa bila cheti.

Dhana: Neva ikishakufa imekufa, kula vizuri sasa ni kujitesa bure.

Utah, Marekani, 2006: watu 32 walio katika eneo la kati, tayari wana ganzi na maumivu, walipewa ushauri wa chakula na mazoezi kwa mwaka mzima. Watafiti walikata vipande vidogo vya ngozi ya mguu kabla na baada, wakahesabu nyuzi. Nyuzi ziliota upya, zaidi pajani kuliko kifundoni, na maumivu yalipungua. Ushauri wenyewe ulifuata mpango uliokuwa umejaribiwa kwa maelfu ya Wamarekani: punguza asilimia 7 ya uzito, tembea dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo 6 na kidogo. Neva iliyokufa muda mrefu hairudi kirahisi, ndiyo maana kuanza ukiwa na 6.2 ni bahati.

Dhana: Maji ya moto na chumvi huamsha miguu.

Huunguza miguu. Mguu uliokufa ganzi hauwezi kukuambia maji ni ya moto kiasi gani. Pima kwa kiwiko, au mwite mtu mwingine apime.

Mama mdogo siku hizi amehamia kwenye viatu vya kamba kisigino. Maandazi yamebaki mawili, Jumapili, na hilo hatujabishana naye tena.