Je, wajua kwa nini padre alisoma Misa katika kanisa tupu?

Jirani mmoja Mwislamu wa pale Muyeye, Malindi, aliwauliza Wakatoliki wa mtaa wake Aprili 2020: "Kanisa lenu limefungwa kama msikiti wetu, na Fadha wenu bado anasoma Misa. Anamsomea nani?" Hakuuliza kwa ubishi. Ramadhani ilikuwa imekaribia, naye alijua tarawehe mwaka huo zingeswaliwa majumbani, kwa hiyo alitaka kujua wenzake wanafanyaje. Swali lake linastahili jibu kamili, maana hata Wakatoliki wengi hawakuwa nalo.

Mambo yalikwenda mbio siku zile. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Jumapili ya tarehe 22, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba mikusanyiko ya ibada imesitishwa, makanisani na misikitini. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kisha tarehe 8 Aprili kaunti ya Kilifi ikafungwa pamoja na Mombasa na Kwale: haingii mtu, hatoki mtu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu. Kesho yake ni Alhamisi Kuu, na Pasaka ni tarehe 12.

Jibu la jirani lianzie hapa. Imani Katoliki inaiona Misa kuwa ni sadaka ya Kristo msalabani inayofanywa hai altareni, na sadaka hutolewa kwa ajili ya watu, wawepo wasiwepo. Ndiyo maana hata siku za kawaida Misa husomwa kwa nia ya marehemu aliyezikwa miaka kumi iliyopita, au ya mtoto aliyelazwa hospitali, na hakuna anayeuliza mbona mwenyewe hayupo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 904, inawahimiza mapadre wasome Misa kila siku hata pale waamini wasipoweza kuhudhuria, kwa kuwa tendo lenyewe ni la Kristo na la Kanisa zima. Kanuni ya 906 inaongeza sharti: padre asiadhimishe bila hata muumini mmoja, isipokuwa kuna sababu ya haki. Tauni, vita, kifungo, korona, zote ni sababu za haki. Kwa hiyo Fadha aliyefunga mlango na kuwasha mishumaa miwili alikuwa akimsomea Misa jirani huyo pia, na wauguzi, na wafanyakazi wa hoteli waliorudishwa nyumbani bila mshahara baada ya ndege za abiria kutoka nje kusimamishwa.

Na waamini, je? Kukosa Misa ya Jumapili bila sababu ni kosa kubwa kwa Mkatoliki, na wazee wengine walibeba jambo hilo moyoni kama deni. Hawakudaiwa. Kanuni ya 1248 inasema wazi kwamba ibada isipowezekana kwa kukosekana padre au kwa sababu nyingine nzito, waamini wasali kifamilia, au kwa makundi ya familia inapofaa, au washiriki Ibada ya Neno. Sheria hiyo ilitangazwa mwaka 1983, hakuna aliyekuwa akifikiria korona.

Kanisa lilikuwa na mazoea ya kale zaidi ya hapo. Milano, Italia, ilipopigwa na tauni mwaka 1576 na watu wakaamriwa wasitoke nyumbani, askofu wao Karoli Boromeo alisimamisha altare kwenye njia panda za mji. Misa ikasomwa hapo, na watu wakaifuata kutoka madirishani. Miaka zaidi ya mia nne baadaye dirisha lilikuwa simu, lakini mpango ni ule ule: padre mahali pamoja, watu kila mmoja kwake, macho na masikio yakiunganisha.

Hapa ndipo panapowachanganya wengi. Ikiwa Misa inaweza kufuatwa kwa simu, mbona kitubio hakiwezi? Kwa nini usimpigie Fadha, ukaungama, akakuondolea dhambi hewani? Kanisa linajibu kwamba sakramenti huguswa. Maji humwagwa kichwani, mafuta hupakwa, mkate huliwa, na mtubu na padre huwa mahali pamoja. Misa ya kwenye televisheni ni msaada wa sala, na anayeitazama hatimizi sakramenti yoyote kwa kutazama. Papa Fransisko aliwarushia watu Misa yake ya asubuhi kila siku kuanzia tarehe 9 Machi 2020, na hapo hapo alisema waziwazi kwamba hali hiyo ni ya dharura na haiwezi kuwa mtindo wa Kanisa.

Hata hivyo sakramenti isipowezekana, mlango haufungwi. Tarehe 20 Machi 2020 idara ya Vatikani inayoshughulikia mambo ya toba iliwakumbusha waamini fundisho la zamani: mtu akijuta dhambi zake kwa sababu anampenda Mungu, akakusudia kwa dhati kwenda kuungama mara itakapowezekana, husamehewa hata dhambi kubwa palepale alipo. Hayo huitwa majuto kamili. Kwa mgonjwa aliyelala wodini peke yake, ndugu wakiwa wamezuiliwa getini, fundisho hilo si la vitabuni tu. Na upako wa wagonjwa ulikuwa na njia yake: kanuni ya 1000 inamruhusu padre, kwa sababu nzito, kupaka mafuta kwa chombo badala ya kidole. Kijiti chenye pamba kinatosha, kisha kinachomwa moto.

Ekaristi nayo ina komunyo ya tamaa. Huwezi kuipokea mdomoni, basi unamwambia Bwana kwamba unamtamani, aje rohoni. Sala iliyotumika sana mwaka ule imetokana na Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, na Papa aliisali katika Misa zile za asubuhi. Ukiitafakari, Mkatoliki huwa karibu nayo kila Misa anapotamka: "Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Maneno hayo yana asili katika Injili ya Mathayo, kwa jemadari wa Kirumi aliyekuwa na mtumishi mgonjwa nyumbani. Alimwambia Yesu asijisumbue kufika. Yesu hakufika, na mtumishi akapona saa ileile. Uponyaji wa mbali umo ndani ya Misa yenyewe, na tumeutamka tangu utotoni bila kuufikiria sana.

Juma Kuu la mwaka ule liliongozwa na waraka wa Vatikani wa tarehe 25 Machi, uliotiwa sahihi na Kardinali Robert Sarah wa Guinea. Alhamisi Kuu, kuosha miguu kuliachwa. Ijumaa Kuu, msalaba ulibusiwa na padre peke yake. Mkesha wa Pasaka uliruhusiwa katika makanisa makuu ya majimbo na ya parokia tu. Maandamano yaliyopendwa na watu yangeweza kuahirishwa hadi tarehe 14 na 15 Septemba, sikukuu za Msalaba na za Mama wa Mateso. Misa ya mafuta, ambamo askofu hubariki mafuta yatakayotumika mwaka mzima, nayo iliruhusiwa kuahirishwa. Matawi ya Jumapili ya Matawi pekee ndiyo hayakuwa shida Pwani: mnazi uko uani, unakata kuti bichi na kulifunga mlangoni, na anayepita njiani anajua humu wamo Wakristo wanaosali.

Jimbo la Malindi lilikuwa na ugumu wake. Liliundwa mwaka 2000, na eneo lake ni refu mno: linatoka upande wa Kilifi, linavuka Tana River, linaishia Lamu mpakani mwa Somalia. Kilifi ilipofungwa, mstari wa serikali ulipita katikati ya jimbo. Parokia kama Tarasaa zikabaki upande wa Tana River, Witu na Mpeketoni upande wa Lamu, na kanisa kuu la Mtakatifu Anthoni likabaki ndani ya kufuli hadi tarehe 7 Juni. Isitoshe, jimbo halikuwa na askofu wake. Askofu Emanuel Barbara, Mkapuchini kutoka Malta, alifariki Januari 2018, na Willybard Lagho aliteuliwa Desemba 2020. Janga liliwakuta watu hawa bila baba wa nyumba.

Lakini nenda kwenye vigango, yale makanisa madogo ya vijijini yaliyo chini ya parokia. Parokia moja yaweza kuwa na vigango vingi, barabara za mchanga, mto Tana ukifurika hazipitiki, na mapadre wawili au mmoja. Misa hufika kwa zamu. Jumapili nyingine zote katekista ndiye anayesimama mbele: masomo yanasomwa, anafafanua Injili, wanasali sala za waamini, wanaimba kwa kayamba, kisha kila mmoja kwake. Watu hao wameishi na kanuni ya 1248 maisha yao yote bila kujua namba yake. Sisi wa mjini, tuliozoea Misa mbili tatu kila Jumapili na kuchagua ile fupi, ndio tuliohangaika. Kwa maoni yangu, mwalimu bora wa mwaka 2020 alikuwa katekista wa kigango, na ilifaa tumtafute mapema zaidi kuliko tulivyofanya. Alijua kugawa kazi ndani ya familia: baba asome somo, mtoto aongoze zaburi, bibi aanzishe Rozari. Alijua pia kwamba ibada bila padre haipaswi kuwa nakala ya Misa, kwa hiyo hakuna anayeigiza maneno ya altareni.

Jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali pamoja, zingeweza kubeba kazi hiyo mijini. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa msingi wa uchungaji tangu miaka ya 1970. Shida ni kwamba jumuiya nayo ni mkusanyiko: familia kumi na zaidi katika sebule moja, viti vimebanana, chai inapitishwa. Ikabidi ihamie kwenye simu. Mwenyekiti alituma Injili ya siku asubuhi, wanajumuiya wakajibu kwa sauti zilizorekodiwa. Sadaka ilipita kwa M-Pesa, na ilisaidia kwamba kuanzia tarehe 17 Machi Safaricom iliondoa ada ya kutumiana pesa isiyozidi shilingi 1,000. Sadaka za wengi hapa hazivuki hapo. Asiyekuwa na simu kubwa alipitiwa na jirani, akasimama nje ya kizingiti, akamsomea.

Milango ilifunguliwa tena kuanzia tarehe 14 Julai 2020, kwa masharti ya baraza la dini mbalimbali lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri. Watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, watoto chini ya miaka 13 na watu wa zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Palikuwa na kibuyu chirizi langoni, kipima joto, daftari la majina, alama za chaki kwenye mabenchi, na chombo cha maji ya baraka kikavu kabisa. Amani ilitolewa kwa kuinamiana, na hilo halikuvunja kitu, kwa kuwa maelekezo ya Misa yenyewe yanaacha ishara ya amani itumike inapofaa.

Kipimo cha umri ndicho kilichouma. Kitabibu kilieleweka, kwani ugonjwa ule uliwaua wazee zaidi. Ila angalia nani hufungua kanisa alfajiri, nani hufua vitambaa vya altare, nani huanzisha wimbo kabla kwaya haijafika: ni mama wa miaka 65. Aliyebatizwa kabla ya parokia yake kuwa na paa la mabati aliambiwa akae nyumbani, na vijana wakajiandikisha nafasi zake. Parokia zilipaswa kumpelekea komunyo nyumbani tangu wiki ya kwanza, kwa mhudumu mmoja mwenye barakoa, kama Kanisa linavyowafanyia wagonjwa siku zote. Nafasi iliongezwa hadi theluthi moja ya kanisa mwishoni mwa Septemba, na kafyu ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Utaratibu wa kusali nyumbani Misa isipowezekana haujafutwa, kwa sababu haukuletwa na korona. Kipindupindu kilipozuka Tana River mwaka 2023, mwenye kuharisha alikuwa na ruhusa ile ile ya kubaki nyumbani Jumapili bila kosa. Anayemuuguza naye ana ruhusa hiyo. Mgonjwa akitaka komunyo au mpako, ndugu zake wamwambie mwenyekiti wa jumuiya mapema, wala wasingoje hali iwe mbaya, kwa sababu upako si wa wanaokata roho peke yao.