Kwa nini jua huchora namba 8 ndani ya kanisa la Palma mara mbili kwa mwaka?

Kila tarehe 2 Februari na 11 Novemba, watu hurauka kwenda kanisa kuu la Palma, mji wa bandari katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Kukiwa hakuna mawingu, mwanga wa asubuhi hupenya dirisha kubwa la mviringo lililo juu kabisa upande wa madhabahu, ukavuka ukumbi wote na kutua kwenye ukuta wa mkabala, chini tu ya dirisha jingine la mviringo. Duara la rangi likigusana na duara la kioo lililo juu yake, unapata namba 8. Hudumu dakika chache tu, kwa sababu jua halisimami.

Video za tukio hili zikifika kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Nairobi, huwa zimeandamana na maelezo ya kila aina: eti 2/2 na 11/11 ni namba za siri, eti wajenzi wa kale walijua jambo ambalo sisi hatulijui. Jibu halihitaji siri yoyote. Linahitaji kujua kanisa limeelekea wapi na jua la kule linapandaje.

Makanisa mengi ya zamani ya Ulaya yalijengwa madhabahu yakiwa mashariki. Kanisa la Palma halitazami mashariki kamili. Limejipinda kuelekea kusini-mashariki. Wakati wa kiangazi cha kule jua huchomoza upande wa kaskazini-mashariki, mbali na mstari wa jengo. Linaposogea kusini miezi ya baridi, ndipo linapata nafasi ya kuchungulia kwenye dirisha la madhabahu na kumulika ukumbi kwa urefu wake.

Sisi wa Nairobi hapa ndipo tunapokwama, maana tumezoea jua la ikweta. Letu huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima na kupanda wima, moja kwa moja hadi karibu na utosini. Jua la Palma hupanda kwa mshazari: kadiri linavyopaa ndivyo linavyosogea kusini. Mwanzoni mwa Februari, wakati jua la kwetu limeshachomoza kabla ya saa moja, wao hulisubiri hadi karibu saa mbili asubuhi, tena likitoka linatambaa kando kando.

Basi fuata hesabu. Siku fupi kuliko zote, karibu na 21 Desemba, jua la Palma huchomozea kwenye mstari wa jengo lenyewe. Likiwa bado chini, mwale wake hupita karibu mlalo, na aliyesimama nje upande wa magharibi huliona liking'aa kupitia madirisha yote mawili kwa pamoja. Tarehe 2 Februari hali ni tofauti kidogo. Jua huchomozea upande wa mashariki zaidi, na kufikia wakati limesogea hadi kwenye mstari wa jengo, limeshapanda juu kiasi. Mwale sasa unashuka. Unaingia kwenye dirisha la juu na kufika ukuta wa pili ukiwa chini ya pale ambapo ungetua kama ungekwenda mlalo. Huko chini ndiko duara la rangi linakotua, na 8 inakamilika.

Na kwa nini siku mbili? Kwa sababu jua huenda kusini na kurudi kwa njia ileile. Kutoka 11 Novemba hadi 21 Desemba ni siku 40. Kutoka 21 Desemba hadi 2 Februari ni siku 43. Ni umbali unaokaribiana kabla na baada ya siku fupi kuliko zote, kwa hiyo jua huwa karibu mahali palepale angani.

Kwangu mimi, ajabu kubwa zaidi ni kwamba dirisha lenyewe lipo. Lina kipenyo cha zaidi ya mita 11 na vipande zaidi ya 1,000 vya kioo cha rangi, nalo limewekwa juu kabisa katika jengo la mawe ambalo dari ya ukumbi wake iko mita 44 kutoka sakafuni. Halina zege wala vyuma vya kubeba jengo. Fundi yeyote wa mjengo hapa mjini atakuambia kwamba jiwe huvumilia kukandamizwa lakini halivumilii kuvutwa, ndiyo maana siku hizi tunalaza vyuma ndani ya zege. Wajenzi wa Kigothi, yaani mtindo wa makanisa makubwa ya Ulaya ya zama za kati kama hili la Palma, hawakuwa na njia hiyo. Ilibidi wahakikishe kila jiwe linakandamizwa tu.

Tatizo la tao la mawe ni kwamba halishuki chini tu, husukuma na pembeni, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani ambayo miguu yake inataka kuteleza. Zamani dawa yake ilikuwa kujenga kuta nene zenye vidirisha vidogo. Kuanzia karne ya 12, huko Ufaransa, mafundi walishika njia nyingine: tao lenye ncha, ambalo husukuma pembeni kwa nguvu ndogo kuliko la nusu duara, na viegemezi vya mawe nje ya jengo vya kupokea msukumo uliobaki. Ukuta ulipopunguziwa mzigo, ukawa tayari kutobolewa madirisha.

Huhitaji pasipoti kuona kanuni hiyo. Pita kanisa la All Saints, karibu na Uhuru Park, uangalie ukuta kwa nje: madirisha yana ncha, na kati yake mawe yametokeza. Wengi wetu tunalikumbuka kanisa hilo kwa Julai 1997, polisi walipowavamia humo watu waliodai mageuzi ya katiba. Lakini ni la Kigothi pia, yaani Kigothi kilichofufuliwa katika nyakati za karibuni. Lilichorwa na Mwingereza Temple Moore, jiwe la msingi likawekwa 1917, na ujenzi ukaendelea hadi 1952.

Miaka 35 ni michache ukilinganisha na Palma. Mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragon aliuteka mji huo kutoka kwa Waislamu mwaka 1229, na kanisa likaja kusimama pale palipokuwa msikiti mkuu. Ujenzi wenyewe ulishika kasi karne ya 14, na lango kuu likakamilika 1601. Upande wa baharini viegemezi vimesongamana hivi kwamba kutoka kwenye meli huoni ukuta, unaona safu ya mawe yaliyosimama. Ndani, nguzo 14 za pembe nane zimepanda zaidi ya mita 20 zikiwa nyembamba kupita kiasi. Ukisimama katikati, ukumbi wa kati na wa pembeni unaonekana kama chumba kimoja. Na juu ya matao, pasipoonekana na waumini, wajenzi waliongeza mawe makusudi, mzigo wa kuyakandamiza matao yasibadilike umbo. Kuongeza uzito ili jengo lisianguke ni wazo ambalo ningelipinga kama nisingejua kwamba limefanya kazi kwa mamia ya miaka.

Mwaka 1851 tetemeko la ardhi liliharibu upande wa mbele, ukajengwa upya. Kisha kati ya 1904 na 1914 Antoni Gaudí, msanifu maarufu wa Barcelona, aliitwa na askofu kulitengeneza kanisa. Aliondoa jukwaa la wanakwaya lililoziba katikati ya ukumbi, ndipo mtu wa mlangoni akaweza kutazama hadi madhabahuni.

Turudi kwa 2/2 na 11/11. Dirisha la madhabahu ni la karne ya 14, wakati Ulaya ikitumia kalenda ya Juliasi, ambayo enzi hizo ilikuwa nyuma ya jua kwa takriban siku 8. Kalenda ilirekebishwa mwaka 1582: Uhispania ililala 4 Oktoba ikaamka 15 Oktoba. Fundi aliyelitoboa dirisha lile, kwa kalenda yake, angeipata 8 mwanzoni mwa Novemba na tena mwishoni mwa Januari. Naye hakuiona hata hivyo, kwa sababu ukuta wa kuipokea ulikuwa bado haujajengwa.