Soko limepanda, mbona hisa zangu zimelala?

Kuna swali ambalo kila tukienda kufundisha vyama vya akina mama na vijana habari za soko la hisa lazima liulizwe, na mara hii huko Mombasa aliyeuliza ni mama mmoja wa makamo, akasimama na daftari lake mkononi akasema, "Mwalimu, mwaka 2019 redio ilitwambia soko la Nairobi limepanda, mimi nikitazama hisa zangu zote zimeshuka, sasa ni soko gani hilo lililopanda?"

Mama hakukosea na redio pia haikukosea. Mwaka huo soko la Nairobi lilikuwa na indeksi mbili, yaani vipimo vya soko, zinazotajwa sana. Moja ni NASI, inayohesabu kampuni zote zilizoorodheshwa, na ilipanda kama asilimia 18. Nyingine ni NSE 20, ile ya zamani yenye kampuni 20 tu, ambayo wazee wetu wameifuata tangu miaka ya sitini, na yenyewe ikashuka kama asilimia 6. Soko ni lilelile na mwaka ni uleule, moja inapanda nyingine inashuka.

Indeksi ni kapu. Unachagua kampuni kadhaa unazitia kapuni, kila jioni unapima kapu zima limefika bei gani ukilinganisha na jana, basi. Ni kama vile serikali inavyopima gharama ya maisha kwa kuangalia unga, sukari, mafuta ya taa na nauli. Sasa fikiria watu wamehamia gesi na wewe bado kapu lako limejaa mafuta ya taa, hesabu yako itakuwa sahihi kabisa lakini haitasema ukweli wa jikoni kwa watu. Na ndo maana inabidi mtu akae aamue nini kitoke na nini kiingie, na uamuzi huo una athari kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Turudi kwa mama. Ndani ya NASI kila kampuni inapimwa kwa ukubwa wake, yaani bei ya hisa mara idadi ya hisa zote. Safaricom ina hisa bilioni 40 na kidogo, iliingia sokoni Juni 2008 kwa bei ya shilingi 5, mwaka mmoja na miezi michache tu baada ya huduma yake ya M-Pesa kuanza Machi 2007. Pesa ya simu ilivyokua na kampuni ikakua nayo, mpaka kuna wakati ikawa peke yake ni zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima. Mwaka 2019 hisa yake ilitoka kama shilingi 22 ikafika 31 na ushee, ikalivuta kapu zima juu, hata kama wengine wengi mle ndani wamelala. NSE 20 yenyewe inazipa kampuni zake 20 sauti sawa, Safaricom ni moja kati ya ishirini, kwa hivyo zile nyingine zikishuka haiwezi kuzibeba mgongoni. Mama alikuwa na hisa za benki ndogo, simiti na sukari. Aliyokuwa anayaishi yeye yalikuwa karibu zaidi na NSE 20, na redio ilimsomea NASI.

Hii ndo sura ya teknolojia mpya inapoingia kwenye soko: inaingia na uzito, na hesabu ya kupima ndo inaamua uzito huo utaonekana au la.

Wenzetu wa Marekani wamepitia haya kwa zaidi ya miaka mia na historia yao inafundisha sana. Charles Dow, mwandishi wa habari za fedha, alipotengeneza orodha yake ya kwanza ya kupima bei za hisa 1884 ilikuwa na kampuni 11, na tisa zilikuwa za reli, manake wakati ule reli ndo ilikuwa teknolojia kubwa. Mei 1896 akatoa ile tunayoiita Dow Jones, kampuni 12 za viwanda: sukari, tumbaku, ngozi, mpira, gesi, mafuta ya pamba, makaa na chuma, na humo ndani kulikuwa na General Electric, kampuni ya umeme. Iliondolewa na kurudishwa mara kadhaa miaka ya mwanzo, kisha kuanzia 1907 ikakaa mfululizo hadi Juni 2018 ilipotolewa. Zile nyingine 11 zilishatoka zamani.

Lakini watunza orodha nao hukosea, na hapa nataka tukae kidogo. IBM, iliyokuja kuwa kampuni kubwa ya kompyuta, ilitolewa kwenye Dow mwaka 1939, nafasi yake wakapewa AT&T ya simu, na ikarudi 1979. Miaka 40! Ndo ileile miaka ambayo kompyuta ilitoka kuwa mashine ya chumba kizima ikawa uti wa mgongo wa benki na serikali, na indeksi maarufu kuliko zote duniani haikuwa na habari na ukuaji wa IBM. Alafu 1999 wakafanya kinyume, wakaingiza Microsoft na Intel kwa pamoja, na nyingine mbili, mwezi wa Novemba, wakatoa Chevron, Goodyear, Sears na Union Carbide, na miezi minne tu baadaye, Machi 2000, hisa za teknolojia zikafika kilele na kuanza kuporomoka. Nasdaq, indeksi nyingine ya Marekani iliyojaa kampuni za teknolojia, ilitoka juu ya 5,000 ikafika karibu 1,100 Oktoba 2002, na kilele kile haikukiona tena hadi 2015. Intel yenyewe ilitolewa Novemba 2024, akaingia Nvidia wa chipu za akili bandia.

Na kuna jambo la Dow ambalo mimi naona ni udhaifu mkubwa na nawaambia watu wazi: inapima kwa bei ya hisa moja, haiangalii ukubwa wa kampuni. Agosti 2020 Apple iligawa kila hisa moja kuwa nne, bei ikashuka mara nne, thamani ya kampuni haikubadilika hata senti, lakini uzito wa teknolojia ndani ya Dow ukapungua ghafla, ikabidi wapange upya kapu. Katika kupanga huko Exxon wa mafuta, waliokuwemo tangu 1928, wakatolewa na Salesforce wa programu za kompyuta akaingia. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ikapandisha mafuta, Exxon ikapanda kama asilimia 80 na Salesforce ikapoteza karibu nusu ya bei yake.

S&P 500, indeksi nyingine ya Marekani yenye kampuni kubwa 500, inapima kwa ukubwa. Ilipoanza Machi 1957 ilikuwa na nafasi 425 za viwanda, 60 za umeme, maji na huduma kama hizo, na 15 za reli, leo ni teknolojia ndo inaongoza na kampuni 10 za juu zinabeba zaidi ya theluthi ya uzito wote. Kwa hiyo ukiambiwa nunua mfuko wa uwekezaji unaofuata S&P ili usambaze hatari kwenye kampuni 500, elewa kwamba sehemu kubwa ya pesa yako imekaa kwa wachache. Na wageni huingia wakishapanda: Tesla iliingizwa Desemba 2020 baada ya bei yake kupanda mara kadhaa mwaka huohuo, na mifuko yote inayofuata indeksi ikalazimika kununua kwa bei ya siku hiyo.

Yule mama nilimwambia aulize mambo matatu kila akisikia soko limepanda: ni kapu gani, linapimwa kwa nini, na nani mzito mle ndani. Tulipokutana tena alikuja na lile daftari, amechora safu tatu kwa kalamu nyekundu, NASI, NSE 20 na hisa zake mwenyewe, mwezi kwa mwezi, na pembeni ya kila mwezi ameandika bei ya Safaricom.