Bakteria Wanaokula Petroli: Jeni za Mlangoni na Jeni za Kukata Pete

Petroli ina benzini, tolueni na zaileni. Vidonge vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo mara nyingi ni naftaleni. Zote hizi ni kampaundi aromatiki: molekuli zake zina pete ya atomi sita za kaboni, na elektroni huzunguka pete nzima kiasi kwamba si rahisi kuivunja. Hata hivyo wapo bakteria wanaoishi kwa kuzila.

Anayefahamika zaidi kwa watafiti ni Pseudomonas putida mt-2, aliyepatikana kwenye udongo nchini Japani. Mwaka 1974, Williams na Murray wa Bangor, Wales, walieleza kwamba uwezo wake wa kula tolueni umo kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA kilicho kando ya kromosomu, ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake. Plasmidi hiyo huitwa TOL.

Jeni zake zimepangwa katika makundi mawili. La kwanza hugeuza tolueni kuwa benzoati, kampaundi yenye pete ileile, bila kuigusa pete. La pili huongeza oksijeni kwenye pete hadi ipatikane kampaundi iitwayo katekoli, kisha huikata pete hiyo. Vipande vyake huishia kwenye njia za kawaida za seli za kupata nishati. Mkataji ni kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) cha jeni ya xylE, na kazi yake huonekana kwa macho: ukinyunyizia katekoli juu ya bakteria walioota kwenye sahani ya maabara, wenye jeni hiyo hugeuka manjano. Protini mbili, XylR na XylS, huwasha makundi haya pale tu tolueni au benzoati inapokuwepo. Tena bakteria huyu ni mchaguzi. Akipewa mlo mnono zaidi, jeni za tolueni hufifia.

Kabla ya kukata, lazima chakula kiingie. Tolueni hupendelea mafuta kuliko maji, hivyo hupenya utando wa seli bila shida. Benzoati ina chaji hasi, kwa hiyo huhitaji mbebaji, protini ya BenK. Mbebaji mwingine, PcaK, huingiza hidroksibenzoati, ndugu ya benzoati, na pia humwezesha bakteria kuogelea kuifuata iliko.

Lakini tolueni hiyohiyo huharibu utando. Aina moja ya Pseudomonas putida iitwayo DOT-T1E ina pampu za kuitoa nje wakati inaendelea kuila, kama nahodha anayekumba maji ngalawani bila kushusha tanga. Kwa maoni yangu, pampu hizi zinastahili kusifiwa kuliko vimeng'enya vyenyewe, maana bila kubaki hai hakuna kula.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa unga wa "bakteria wa kusafisha mafuta" hawalisemi: plasmidi inaweza kupotea. Mt-2 akikuzwa kwa benzoati pekee, wale waliopoteza jeni za TOL huwapita wenzao, kwa sababu kromosomu ina njia yake ya kula benzoati, na kwa njia hiyo hukua haraka zaidi. Kizazi baada ya kizazi, wanaokula tolueni huwa wachache.

Basi kama gereji au kituo chako cha mafuta kina udongo uliochafuka, usianze kwa kuuliza bei ya unga. Jeni nilizozieleza hapa hutumia oksijeni, na chini kwenye udongo mzito uliojaa maji oksijeni huisha upesi. Wapo bakteria wanaovunja tolueni bila oksijeni, Thauera aromatica mmojawapo, ila kwa kawaida kazi huenda polepole. Mafuta yana kaboni tele lakini nitrojeni na fosforasi kidogo mno, hivyo mara nyingi kulima udongo ili upate hewa na kuutia mbolea kwa kiasi huwaamsha bakteria waliomo tayari. Ukiamua kununua unga, acha kipande cha udongo bila kukitia, na vyote vipimwe maabara kabla na baada. Vinginevyo hutajua kama tolueni imeliwa au imeruka tu hewani.