Mbuzi akishachinjwa, mabaki yasitupiwe mbwa na paka ovyo

Idd ya kuchinja ikifika, nyumba nyingi za Majengo, Kisauni na Likoni hapa Mombasa huchinja mbuzi uani. Majirani hupelekewa mafungu yao, nyingine hupikwa, na kinachobaki hutupwa nje: mifupa, matumbo, mapafu, na lile ini ambalo mwenyewe amelitazama likamtia shaka. Mbwa na paka ndio wanaomalizia.

Sisi wa huduma za mifugo huulizwa zaidi kuhusu mifupa, na nitafika huko. Kinachonitia hofu hasa ni lile ini.

Ukipasua ini au pafu la mbuzi, kondoo au ngamia, pengine utakuta kifuko cheupe kilichojaa maji maangavu. Wengi hudhani ni jipu. Ndani yake mna vichanga vya tegu, yaani mnyoo bapa, mdogo sana, asiyefika hata sentimita moja, ambaye hukomaa ndani ya utumbo wa mbwa. Mbwa akila kifuko hicho kibichi, baada ya wiki 6 au 7 hivi huanza kutoa mayai ya tegu kwenye kinyesi. Mwenyewe haonyeshi ugonjwa wowote. Anakula na kubweka usiku. Mayai hunata kwenye manyoya yake na kubaki mchangani. Mtoto akimshikashika kisha akatia kidole mdomoni, ameyameza. Mwilini mwa binadamu kifuko hukua polepole kwa miaka, mara nyingi kwenye ini, na wagonjwa wengi huishia kwenye upasuaji. Ugonjwa huu, hidatidi, hapa Kenya umejulikana zaidi Turkana, lakini mifugo husafirishwa, na mbuzi anayechinjwa Mombasa huenda amelelewa mbali na pwani.

Kwa hivyo ini au pafu lenye kifuko lisifike jaani. Lifukie kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, au ulichome mpaka liwe jivu. Hata linaloonekana zima, ukitaka kumpa mbwa, lichemshe nusu saa kamili. Nyama ya buchani imepita kwa mkaguzi ikapigwa muhuri. Ya uani haikupita popote, basi ikague wewe.

Paka tegu huyu hamsumbui sana, lakini nyama mbichi humpa kimelea kingine, toksoplasma. Paka aliyeambukizwa huvitoa vijimayai vyake kwa wiki 1 hadi 3, navyo huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kumdhuru mtu. Ndiyo sababu choo cha paka kisafishwe kila siku. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo, maana kimelea huweza kumfikia mtoto tumboni. Paka mwenyewe hana haja ya kufukuzwa.

Sasa mifupa. Ikishapikwa hukauka, na ikitafunwa hupasuka vipande vyenye ncha. Mbwa akiletwa anajikwaruza mdomo kwa mguu, udenda ukimtiririka, ukimfunua kinywa mara nyingi utakuta kipande cha ubavu kimelala kaakaani, kimebanwa na magego ya pande zote mbili, na ufizi umeshaanza kunuka. Huyo ana nafuu. Aliyemeza huweza kufunga choo, kikawa kigumu na cheupe kama chaki, au utumbo ukatoboka. Vijiti vya mishkaki navibebea chuki zaidi, maana vimelowa mafuta na mbwa huvimeza vizima. Akitapika tena na tena, tumbo likiwa gumu na chakula hataki, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Usimtapishe: chenye ncha huchana pia kikirudi juu.

Mabaki ya pilau nayo yana vitunguu maji na saumu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na za paka zaidi. Kupika hakuondoi sumu hiyo.

Kuhusu nyama ya paa au swara: uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na nyama ya magendo haina aliyeikagua. Huweza kubeba ugonjwa wa kimeta. Usiinunue hata kwa ajili ya mbwa.

Cha kuwapa ni nyama iliyochemshwa ikaiva, isiyo na mfupa, chumvi wala kitunguu. Na mbwa apewe dawa ya tegu kwa kipimo cha uzito wake. Dawa nyingi za kawaida za minyoo hazimuui tegu huyu. Ukiwa duka la dawa za mifugo, uliza yenye prazikwanteli.